Madaktari wa wanyama Nakuru, nani kati yenu anashika sungura?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua, na ukiona ni ndefu sana kata tu, ila tafadhali usiguse ile sehemu ya meno.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo Free Area hapa Nakuru, na nyumbani tunafuga sungura. Si wa kuchinja, si wa kukinga mkojo tuwauzie watu wa mboga kama mbolea, ni wa kukaa na sisi tu, anaitwa Pamba, ni wa Angora wale wa manyoya marefu, na mwenyewe haswa ni binti yangu wa gredi ya sita. Najua kuna msomaji ameshaanza kucheka. Cheka umalize, nakungoja hapa.

Umemaliza? Sawa. Shida yangu ni hii. Mji wetu ni wa mifugo tangu zamani, ukishuka matatu utembee kidogo tu utakuwa umepita agroveti kadhaa, na ukiingia yoyote uulize habari ya ng'ombe mwenye kiwele kimevimba, kuku wanaosinzia, mbuzi anayekohoa, mbwa mwenye kupe, wanakujibu kabla hujamaliza swali. Sasa uliza sungura. Kwanza kimya, halafu mmoja anamwangalia mwenzake, halafu linakuja lile swali nimelisikia mpaka nimelikariri: "Mama, si umchinje tu ununue mwingine?"

Na hawana ubaya, nawaelewa. Sungura mdogo sokoni bei yake iko chini kuliko hata ada ya daktari ya kumwangalia tu, kwa hivyo kwa hesabu ya mkulima huyo hatibiwi, anabadilishwa. Hata mafunzo yote ya sungura nchini, kuanzia kile kituo cha serikali cha Ngong mpaka semina za vikundi vya akina mama, ni ya nyama na ngozi na mbolea, ati New Zealand White anafika kilo ngapi, California ngapi, Flemish Giant ngapi. Sungura wa nyama anakaa miezi michache anaingia sufuriani, kucha zake zitapata saa ngapi kurefuka? Lakini yule wa kufugwa nyumbani anaweza kufika miaka 8, wengine 10 na kupita, na huko katikati ndio mwili wake unaanza kudai vitu ambavyo mkulima wa nyama hajawahi kukutana navyo. Na daktari wake pia hajakutana navyo. Hapo ndipo tulipo.

Wateja wangu wanasema ati nataka kumpeleka sungura akafanyiwe pedikyua. Jamani, si urembo. Wacha niwaeleze kuhusu kucha kwanza ndio muone. Sungura hana ile nyama laini chini ya mguu ambayo mbwa na paka wanayo, ana ngozi na manyoya basi. Kucha zikirefuka zinainua vidole, uzito wote unarudi nyuma kwa kisigino, na akiwa anakaa juu ya waya vile vizimba vyetu vingi vimejengwa, kile kisigino kinachubuka, kinakuwa kidonda, kinaingia usaha, na ukichelewa kinafika mfupa. Yote hayo yameanza na kucha tu. Kwa hivyo karibu kila mwezi au mwezi na nusu lazima zikatwe, na ndani ya kila ukucha kuna mshipa wa damu, kwa kucha nyeupe unauona ni mwekundu, kwa kucha nyeusi unamulika na tochi kwa nyuma ndio ujue unaishia wapi. Ukiukata utashangaa hiyo damu yote imetoka wapi, na usipokuwa na poda ya kukausha hapo karibu, hata ule unga laini wa mahindi wa kutia uzito kwa supu unasaidia.

Lakini kukata si shida, shida ni kumshika. Mifupa yake ni myepesi sana na miguu ya nyuma ina nguvu kupita kiasi, akishikwa vibaya, sehemu ya nyuma ikining'inia bila kushikiliwa, akirusha teke moja la nguvu anaweza kujivunja uti wa mgongo yeye mwenyewe mkononi mwako. Si hadithi hiyo. Na kuna wale wanamlaza chali analegea anatulia tuli, wanasema ona amelala, amependa. Hajalala. Hiyo ni hofu, ni ile ya mnyama anayeliwa na wengine anapoona hana pa kukimbilia.

Manyoya sasa. Hapa ndio kazini kwangu kwa hivyo mtanisamehe nikikaa kidogo. Manyoya ya Angora yanaongezeka karibu sentimita 2 na nusu kila mwezi, na kila baada ya miezi mitatu hivi yanafaa kupunguzwa, katikati hapo unachana kila siku mbili tatu. Ukiacha yanajifunga karibu kabisa na ngozi, unakuta kitu kimeshikana kama rasta za mteja aliyekaa nazo nusu mwaka bila kuzigusa, na tofauti ni kwamba mteja atakwambia unamuumiza. Sungura hasemi. Tena ngozi yake ni nyembamba mno, ukivuta lile fundo ngozi inainuka nalo inaingia katikati ya mkasi, unakata unafikiri ni manyoya kumbe umepasua mnyama. Mkasi hapo ni hatari, inatakiwa mashine ndogo, ngozi ivutwe iwe tambarare, upole, na mtu akichoka aache amalizie kesho. Mimi nasuka watu miaka mingi na mikono yangu haitetemeki lakini fundo lililo karibu na tumbo au chini ya mkia siligusi, hilo nataka daktari.

Na kumuosha? Hapana. Nimeona watu wanawaosha na sabuni ya unga kwa beseni, eti vumbi la Nakuru. Maji yakifika kwa ngozi ya Angora hayakauki leo, anashikwa na baridi, na ule mshtuko peke yake unaweza kumuua. Draya nayo kelele zake zinamtia wazimu. Akichafuka sehemu moja unapangusa hiyo sehemu na kitambaa chenye maji ya vuguvugu, unakausha, basi.

Kuna na tumbo, ambalo linaungana na hayo manyoya. Sungura anajilamba siku nzima, anameza nywele zake, na yeye hawezi kutapika, maumbile yake hayamruhusu. Kikiingia kinatokea upande ule mwingine au hakitoki. Akila nyasi kavu nyingi, zile za Boma Rhodes tunanunua kwa beli, tumbo linatembea na nywele zinapita. Akilishwa sukuma wiki na mkate na karoti peke yake tumbo linapunguza mwendo, linasimama, gesi inajaa. Sungura akikaa saa 12 bila kula na bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, si ya kungoja Jumatatu. Na msimu wa mvua, sungura mwenye manyoya marefu yaliyolowana mkojo huko nyuma, inzi wanataga hapo, na ndani ya siku moja unapata funza wanamla akiwa hai. Samahani kama unasoma ukinywa chai.

Dada yangu yuko Kisumu, naye alichukua ndugu ya Pamba, na yeye shida yake imezidi yangu juu Kisumu joto lake mnalijua. Sungura hatoi jasho la kumpoza, anapunguza joto kwa masikio, na ikipita digrii 28 hivi anaanza kuteseka, sasa huyo wa Angora amevaa sweta lake Manyatta saa nane mchana. Kwake kunyoa hakungoji miezi mitatu. Amezunguka, amepata wa mbwa wazuri tu, wa sungura bado.

Sasa meno. Mhariri ndio hii sehemu.

Sungura ana meno 28 na yote yanaota maisha yake yote, ya mbele na ya nyuma. Yale ya mbele yanaongezeka karibu milimita 2 kila wiki, piga hesabu ya mwaka inafika sentimita 10. Nyasi ndio inayoyasaga. Zisipokuwepo za kutosha, au taya likiwa halikukaa sawa tangu kuzaliwa, ya mbele yanapishana yanajikunja kama pembe na hilo kila mtu ataliona. Yale ya nyuma hutayaona. Yanatoa ncha kali pembeni, ncha inachoma ulimi au shavu, na sungura hufanya nini? Anakaa kimya, kwa sababu porini mnyama akionyesha anaumwa ndiye anaandamwa. Unachoona wewe ni kidevu kimelowa mate, jicho moja linatoa machozi, anachukua jani anaenda nalo halafu analiacha, anachagua vitu laini. Na manyoya yake yanaharibika! Hilo watu hawajui. Meno yakiuma hajilambi, hajisafishi, kwa hivyo ukiona sungura aliyekuwa nadhifu ameanza kushikana manyoya ghafla, usikimbilie kitana, angalia mdomo.

Pamba ndivyo alivyoanza. Kidevu kilikuwa na mate, nikamuweka kwa katoni na taulo nikaenda naye duka moja la dawa za mifugo ambalo sitalitaja, kijana wa hapo amevaa koti jeupe kabisa, akafungua mdomo akasema meno marefu, akainama chini ya kaunta akatoka na plaizi. Plaizi, Mhariri, ile ya fundi wa stima. Nikamuuliza atafanya nini nayo akasema "nakata tu chap chap mama, hata mimi nyumbani nakatanga hivyo." Nilimrudisha Pamba kwa katoni. Jino la sungura likibanwa na koleo linapasuka kwa urefu, ufa unashuka mpaka kwa mzizi, usaha unaingia kwa taya, na usaha wa sungura ni mzito hautoki kwa sindano, unakuwa donge la kufanyiwa upasuaji. Jino la sungura linapunguzwa na kile kifaa cha kusaga cha daktari, na yale ya nyuma lazima awekwe dawa ya usingizi.

Aliyeniokoa ni mteja wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Egerton, akaulizia huko Njoro akanipa namba ya daktari. Tukaenda na matatu, kondakta akaniuliza kama nauza. Huyo daktari jina lake sitaliandika kwa gazeti bila ruhusa lakini acha niseme alivyofanya, maana hapo ndipo nilipojua tofauti. Hakumtoa kwa katoni haraka. Alikaa kwanza akaniuliza anakula nini, nyasi kiasi gani, kinyesi ni kikubwa au kimekuwa kidogo kidogo, anakaa juu ya nini. Akampima kwa mizani ndogo ile ya jikoni. Akamshika mgongo ukiwa umeegemea tumbo lake, mkono mmoja chini ya makalio. Akapapasa taya kwa nje pande zote mbili akilinganisha, akachukua kile kifaa cha kuangalia ndani ya masikio akakiingiza kando ya mdomo akaangalia meno ya nyuma. Akakata kucha, akaniambia ya mbele hayana shida, kuna ncha upande wa kushoto ndani. Halafu akasema maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwa daktari yeyote Nakuru: "Hii mimi sifanyi. Sina vifaa vyake na kumlaza sungura usingizi si kama mbwa. Nitakuandikia barua uende kwa anayefanya."

Nilitamani kumkumbatia. Tulienda Nairobi, ikafanywa, sungura anakula. Ilinigharimu, sitadanganya, na mume wangu aliposikia jumla yake alinyamaza kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Ninachotaka kusema ni hicho tu hasa. Sidai kila daktari wa mifugo Nakuru ajue sungura. Miaka mitano wanayosoma chuoni wanapitishwa ng'ombe, mbuzi, kuku, punda, mbwa, na wakitoka ni ng'ombe ndio anayewalipa, haki yao. Ninachodai ni kwamba anayejua ajitangaze na asiyejua aseme hajui, mapema, kwa simu, kabla sijalipa nauli. Kwa sababu hasara ya sungura kupelekwa kwa mtu anayekisia ni kubwa kuliko ya kukosa daktari. Dawa ya kumeza ya jamii ya penisilini, amoksilini ile mtoto wako anapewa akiwa na kikohozi, ukimpa sungura kwa mdomo inaua wadudu wazuri wa tumboni, wabaya wanazaana wanatoa sumu na siku chache amekwisha, na mtu wa duka amekupa kwa moyo safi kabisa. Dawa ya viroboto ya mbwa ya kupuliza ile yenye fipronili, ni sumu kwake. Ivamektini ya upele wa masikio, hiyo inamfaa sungura kweli, lakini chupa iliyo pale rafuni ni ya kipimo cha ng'ombe, sungura wa kilo mbili anachotakiwa kupata hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya mililita moja, sasa mtu asiyekuwa na mizani anakisia na bomba la sindano la kuchomea ndama, unategemea nini?

Siku hizi mtu akiniuliza (na wananiuliza, tumekuwa na kagrupu ketu ka WhatsApp ka wenye sungura kuanzia Lanet mpaka Kiamunyi, hata Njoro) namwambia piga simu kwanza na usiulize "unatibu sungura?" kwa sababu huyo atajibu ndio, nani atakataa pesa. Uliza swali ambalo jibu la mbwa ni tofauti na jibu la sungura. Mwambie, daktari, kesho nikimleta kulazwa usingizi asile kuanzia saa ngapi? Mbwa na paka wananyimwa chakula wasije wakatapika. Sungura hatapiki, akinyimwa chakula tumbo ndio linasimama, kwa hivyo anayejua atakwambia mlete na nyasi zake ale mpaka mlangoni. Akikwambia asionje kitu tangu jana jioni, mshukuru, funga simu. Au muulize meno unapunguza na nini, ukisikia koleo, mkasi, plaizi, umeshapata jibu. Muulize nani atamshika wakati wa kukata kucha na atamshika vipi. Na kama ni wa manyoya marefu, muulize kama atanyoa na chini ya nyayo, wako wanaozoea kunyoa vijibwa vya manyoya huko Milimani wanapitisha mashine mpaka chini ya mguu, na nimeshasema hapo ndipo godoro lake pekee lilipo.

Halafu uliza namba ya usajili. Watu wanaogopa hili wanaona ni kukosa adabu. Hakuna adabu imekosekana, kuna sheria ya 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, Bodi ya Madaktari wa Mifugo inaweka rejista, wako madaktari wenye digrii na wako wasaidizi wenye cheti na diploma ambao nao wametambuliwa na kila mmoja ana mipaka yake ya kazi, na kufanya hiyo kazi bila kusajiliwa ni kosa. Kule vijijini tunamwita daktari mtu yeyote mwenye buti na begi, hata yule anayekuja kupandisha ng'ombe kwa mrija. Ni mtu wa maana sana huyo, ng'ombe wa mama yangu Rongai asingezaa bila yeye, lakini usimpelekee sungura mwenye jino. Ila ujue usajili unakwambia huyu ni daktari kweli, haukwambii kama amewahi kumshika sungura maishani mwake.

Ndio maana naelekeza hii barua kwa serikali ya kaunti pia. Katiba ya 2010, jedwali la nne, imeipa kaunti huduma za mifugo, tena imeziweka pamoja na afya, katikati ya leseni za wauza chakula na makaburi, nenda usome kama unaona natunga. Usimamizi wa taaluma umeachwa Nairobi lakini huduma ni yao. Na ustawi wa wanyama umetajwa peke yake hapo chini pamoja na leseni za mbwa. Sasa tangu Desemba 2021 tunaitwa jiji, na jijini watu wanakaa kwa flati, kwa flati hufugi ng'ombe, unafuga paka, samaki, sungura. Siombi hospitali. Naomba karatasi. Karatasi moja ibandikwe ofisi za mifugo za kila wadi na kwa agroveti, iandikwe daktari fulani, namba yake ya usajili, anashughulika na wanyama gani, siku gani yupo, ada ya kuangalia ni kiasi gani. Ile safu ya wanyama ndio naitaka. Hata kama kwa sungura majina yatakuwa mawili kaunti nzima, tutajua ni mawili, tutaacha kuzunguka na katoni.

Na Egerton hapo Njoro wanafundisha udaktari wa mifugo, wanafunzi wanatafuta wanyama wa kujifunzia na sisi tunao. Siku moja kwa mwezi, watu walete sungura wao, kucha zikatwe, masikio yaangaliwe, meno yapimwe chini ya mwalimu, tulipe kidogo. Nitaleta Pamba wa kwanza. Nitaleta na vitana vyangu mwenyewe nionyeshe namna ya kufungua fundo bila kuvuta, bure, mradi mtu anionyeshe namna ya kuangalia yale meno ya nyuma.

Kwa madaktari wenyewe nina neno la biashara, msusi kwa daktari. Mnasema sungura hana pesa. Mteja wa kusuka mara moja kwa harusi hanilipii kodi ya saluni, anayenilipia ni yule wa kurudi kila mwezi kurekebisha nywele mbele. Sungura mmoja wa nyumbani anataka kucha karibu kila mwezi, wa manyoya marefu anataka kunyolewa mara nne kwa mwaka, meno kukaguliwa hata mara mbili, kwa miaka minane. Fanya hiyo hesabu halafu uniambie tena nikachinje.

Kuna jirani yangu anasema mimi najisumbua, ati sungura ni mjanja, kwa hadithi zote anawashinda fisi na simba, kucha ndizo zitamshinda? Nilimwambia yule wa hadithi anakaa porini anachimba na kukimbia kwenye mawe, kucha zinajisaga zenyewe. Wangu amekalia zulia.

Basi kama wewe ni daktari uko Nakuru, Njoro, Naivasha au huko Kisumu kwa dada yangu, na unashika sungura kwa kucha, manyoya na meno, tafadhali andikia ukurasa huu useme ni siku gani unapatikana na nini unafanya na nini hufanyi. Kucha peke yake pia tunakubali. Pamba zake zimefika tena, na daktari wa Njoro amehamishwa.

Wako,
Mama Pamba,
Free Area, Nakuru